Diski ya Mac kwenye laptopu ya Windows: uzoefu wangu na HFSExplorer

Kaka yangu alikuja Lamu kwa harusi ya binti yetu, akarekodi kila kitu, kuanzia kirumbizi, ngoma ya fimbo, hapo mtaani Langoni mpaka bibi harusi kutolewa nje. Akaniachia diski, akaenda zake. Yeye hutumia Mac, mimi Windows.

Kuichomeka tu, Windows ikanitaka niifomati kwanza, yaani niifute yote, ndipo niitumie. Fundi mmoja niliyemwonyesha akaniambia, "Bonyeza tu, ami." Ningalimsikiliza, harusi ingalibaki ya kusimuliwa. Diski ilikuwa nzima. Ilipangwa kwa HFS+, mtindo wa Mac uliotoka 1998, ambao Windows peke yake haiusomi.

Hapo ndipo nikaitumia HFSExplorer, programu ya kusoma diski za HFS+ ndani ya Windows. Ni ya bure. Inataka Java, programu nyingine inayoiendesha, iwemo kwenye kompyuta, na lazima uifungue kwa ruhusa ya msimamizi, la sivyo diski haiifikii. Mimi sikulijua hilo. Nilikaa baada ya isha nikichomoa na kuchomeka waya, nikidhani ni waya. Ilipokubali, folda zote zikatokea na majina yake. Nilimwita mke wangu aje aone, naye akataka video pale pale. Haichezi! Faili unaziona ndani ya dirisha la programu tu. Mpaka uzitoe, uzihifadhi kwenye kompyuta yako, ndipo uzifungue. Nilianza na folda moja ndogo kujaribu, kisha nikaiacha ifanye kazi usiku kucha, nikiomba stima isikatike.

Sura yake ni ya kizamani, na diski za Mac zilizopangwa kwa APFS, mtindo uliokuja 2017, haizisomi kabisa. Bahati yangu diski ya kaka ni kuukuu. Nyota nne.

Kunakili kwenye flashi kulinisumbua zaidi. Video ya kirumbizi ilipita GB 4, na flashi ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mtindo usiopokea faili kubwa kiasi hicho. Flashi ilikuwa tupu, basi hiyo nikaifomati bila hofu, ikawa exFAT, mtindo unaozipokea.

Juzi kaka amepiga simu, anataka nimtilie picha za kina mama ndani ya diski kabla ya kumrudishia. Kwa programu hii haiwezekani: inasoma tu, haiandiki hata herufi moja. Nimemwekea kwenye flashi ile ile. ExFAT hata Mac yake inaisoma.