Kupanda meli ya kitalii Florida: uwanja upi wa ndege kwa bandari ipi

Mtu anaona tangazo la safari ya meli ya siku saba katika visiwa vya Karibi, inaondokea Florida. Analipia chumba melini, kisha anaanza kutafuta tiketi ya ndege. Orlando ni nafuu kuliko Miami kwa dola 60, anachukua Orlando. Lakini meli yake iko Miami, na kutoka uwanja wa Orlando hadi bandari ya Miami ni kilomita zipatazo 380 za barabara. Nafuu yote ya tiketi inaliwa na nauli ya kushuka kusini, na siku ya kuondoka inatumika barabarani kwa wasiwasi.

Nimewasaidia ndugu na marafiki wengi kupanga safari hizi, wengine wakiwa Minnesota na Texas, wengine wakitoka moja kwa moja nyumbani Afrika, na ushauri wangu haujabadilika: chagua bandari kwanza, uwanja wa ndege ufuate. Tiketi ya ndege isikatwe kabla hujasoma jina kamili la bandari kwenye karatasi ya uthibitisho. Soma jina la bandari lenyewe, usiishie kwenye jina la mji ulio kwenye tangazo. Kampuni nyingi huandika "Orlando" kwa safari zinazoanzia Port Canaveral, na Orlando haina bahari. Port Everglades nayo iko Fort Lauderdale, ingawa jina lake halikwambii hivyo.

Nitapanga jozi nne kubwa za uwanja na bandari kuanzia ile ninayoipenda zaidi. Vigezo vyangu ni umbali, gharama ya kufika bandarini kwa familia nzima, na nini kitatokea ndege ikichelewa.

Ya kwanza: uwanja wa Fort Lauderdale (FLL) na Port Everglades

Kwa mtu anayeishi Marekani, hakuna jozi nyingine Florida inayoikaribia hii. Kutoka uwanjani hadi bandarini ni kama kilomita tatu. Ukikaa dirishani ndege ikikaribia kutua, mara nyingi utaziona meli zimepanga gatini. Teksi au Uber ni mwendo wa dakika kumi hivi, na kwa kuwa ni karibu, nauli haiumi hata mkigawanyika magari mawili kwa sababu ya mabegi.

Kwa wazee faida hiyo ni kubwa zaidi. Watoto wengi waliohamia Marekani huwachukua wazazi wao kwenye meli kwa sababu ndani ya meli mzee hahitaji kuhangaika: chumba, chakula na daktari viko pamoja. Mzee aliyechoka na magoti yanamsumbua hatakiwi kuongezewa saa moja na nusu ya basi baada ya ndege. Ombeni kiti cha magurudumu mapema, kwa shirika la ndege na kwa kampuni ya meli, kila mmoja kivyake. Ombi la ndege haliwafikii watu wa meli.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Lango la bandari lina ukaguzi, na watu wazima wote ndani ya gari huombwa kitambulisho, kwa hiyo pasipoti zisifungiwe kwenye begi lililo nyuma ya gari. La pili, majengo ya abiria yametawanyika na yametambulishwa kwa namba. Mwambie dereva namba ya jengo na jina la meli. Kumwambia "bandarini" tu hakutoshi.

Wengi hudhani meli za Disney ni za Port Canaveral peke yake. Tangu Novemba 2023 Disney wana meli Port Everglades pia. Kwa mzazi ambaye watoto wameshikilia Disney na hana mpango wa kuzuru bustani za burudani za Orlando, hilo hubadilisha hesabu nzima.

Ya pili: uwanja wa Miami (MIA) na PortMiami

Umbali ni kama kilomita 13, dakika 20 barabara ikiwa wazi. Bandari iko kisiwani, mkabala na katikati ya mji, na magari huingia kwa daraja au kwa handaki lililofunguliwa mwaka 2014. Majengo yake yametambulishwa kwa herufi, na wikiendi meli nyingi hupakia kwa wakati mmoja, kwa hiyo foleni ya magari mlangoni ni jambo la kawaida.

Nimeiweka ya pili kwa walioko Marekani. Kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi naipandisha juu kabisa. Emirates huruka kutoka Dubai hadi Miami na Qatar Airways kutoka Doha hadi Miami, na mashirika yote mawili yanafika Dar na Nairobi. Unabadilisha ndege mara moja, mabegi yanaandikishwa hadi mwisho, na uhamiaji wa Marekani unaukuta Miami kwenyewe. Ndugu walioko Ghuba wanaweza kuungana na wazee wao hukohuko Dubai au Doha wakasafiri pamoja.

Njia nyingine ni Kenya Airways kutoka Nairobi hadi New York, safari ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018. Kutoka uwanja wa JFK ndege za kwenda Miami na Fort Lauderdale ni nyingi. Lakini kumbuka kwamba uwanja wa kwanza unaotua Marekani ndipo unapopita uhamiaji, unachukua mabegi yako na kuyapitisha forodhani kabla ya kuyakabidhi tena. Kama tiketi ya New York na ile ya Florida ni mbili tofauti, na foleni ya uhamiaji ikakuchelewesha, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupa ndege nyingine bure. Lipa zaidi kidogo upate tiketi moja inayofika mpaka mwisho.

Treni ya Metrorail inatoka uwanja wa Miami hadi mjini kwa nauli ndogo, ila haivuki kwenda kisiwani kwenye meli. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni sawa, atamalizia kwa gari. Kwa familia yenye masanduku, chukueni gari tangu uwanjani.

Ya tatu: uwanja wa Tampa (TPA) na Port Tampa Bay

Uwanja wa Tampa ni rahisi kuliko viwanja vyote vikubwa vya Florida. Umepangika vizuri, na bandari iko mjini, umbali wa kilomita 15 hivi. Ingekuwa ni suala la usafiri tu, ningeuweka wa pili.

Kinachoushusha ni meli zenyewe. Ili kutoka Tampa, meli lazima ipite chini ya daraja la Sunshine Skyway, na nafasi chini yake ni kama mita 55. Majitu ya kisasa hayapiti. Anayetaka meli mpya yenye kila mchezo hataipata hapa. Anayetaka meli ya wastani, watu wachache zaidi, na safari ya kwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na upande wa magharibi wa Karibi atafurahi. Napenda sana saa zile za kutoka kwenye ghuba polepole hadi meli ipite chini ya daraja, abiria wote wakiwa juu wanatazama.

Ya nne: uwanja wa Orlando (MCO) na Port Canaveral

Port Canaveral na Miami ndizo bandari zinazopitisha abiria wengi wa meli za kitalii kuliko zote duniani, kwa hiyo huenda meli unayoitaka iko hapa. Tatizo ni kilomita 72 za barabara ya kulipia kati ya uwanja na bandari. Saa moja inatosha siku nzuri, lakini hesabu na muda wa kusubiri mabegi na gari.

Hapa namna ya kusafiri inategemea idadi yenu. Ukiwa peke yako, basi la kushirikiana au lile la kampuni ya meli, ambalo hulipiwa kwa kichwa, linafaa. Mkiwa wanne au watano, bei ya kichwa inapanda haraka, na mara nyingi inakuwa nafuu kukodi gari Orlando na kulirudisha kwenye ofisi iliyo karibu na bandari siku hiyohiyo. Kampuni kadhaa za magari zina ofisi huko na huwapeleka wateja hadi melini. Uliza kabla ya kulipa: ofisi inafungwa saa ngapi, na Jumapili iko wazi? Ukiendesha mwenyewe, angalia pia namba ya jengo lako, maana yapo pande mbili za bandari na njia ya kuchepuka kutoka barabara kuu si moja.

Wanaotaka kuunganisha meli na siku chache za bustani za Orlando, kwao jozi hii inaruka hadi nafasi ya kwanza bila ubishi. Uwanja wa Melbourne (mji wa Florida), kusini ya bandari, uko karibu kuliko Orlando, ila ndege zake ni chache.

Jacksonville na Palm Beach nazo zina meli, lakini chaguo ni finyu. Zinafaa kwa anayeishi huko.

Kuvusha: kutua FLL kwa meli ya Miami, au kinyume chake

Hili linakubalika kabisa. Ni kama kilomita 45, na tofauti ya bei ya tiketi kati ya viwanja hivi viwili wakati mwingine ni kubwa. Piga hesabu kwa familia nzima: mkiwa watu wanne na kila tiketi imepungua dola 50, mna dola 200 mkononi, na gari la kuvuka haliwezi kuzimaliza. Ukiwa peke yako na umeokoa dola 30, hujapata kitu. Barabara ya I-95 hujaa asubuhi na jioni. Treni ya Brightline inaunganisha Fort Lauderdale na Miami kwa muda mfupi, na tangu Septemba 2023 inafika hadi uwanja wa Orlando, ingawa kutoka Orlando hadi Miami ni saa tatu na nusu hivi. Vituo vyake haviko ndani ya bandari, kwa hiyo ongeza teksi kwenye hesabu.

Fika jana yake

Hapa sina mjadala, hasa Desemba hadi Machi. Meli nyingi huondoka kama saa kumi alasiri, na kuandikisha abiria hufungwa saa moja hadi saa moja na nusu kabla. Theluji ikianguka Chicago au Minneapolis asubuhi ile, umekwisha. Meli haisubiri abiria wa ndege iliyochelewa, labda kama ulinunua ndege na meli kwa pamoja kutoka kampuni ya meli, na hata hapo kinachoahidiwa ni msaada wa kuifuata.

Kuifuata meli nako kuna ugumu ambao wengi hawaujui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia meli za kigeni, na karibu meli zote hizi zimesajiliwa nje, kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya Marekani bila kupitia bandari ya nje iliyo mbali kwa mujibu wa sheria hiyo. Kwa hiyo huwezi kuikosa meli Miami ukaidandia Key West, ambako bado ni Florida, ukashukia Miami. Itabidi uruke hadi nchi ya kwanza inakotia nanga, na ili uruke unahitaji pasipoti, pamoja na viza ya nchi hiyo kama inatakiwa.

Tafuta hoteli karibu na uwanja, na uliza swali hili kabla ya kulipa: gari lenu linapeleka watu bandarini, na kwa bei gani? Hoteli nyingi hutoa gari la bure la kwenda uwanjani tu. La bandarini hulipiwa, na nafasi huisha. Kati ya Juni na Novemba, msimu wa vimbunga, chagua chumba kinachoweza kufutwa. Kimbunga kinaweza kuifunga bandari au kuichelewesha meli siku nzima.

Karatasi za watu wetu

Raia wa Marekani anaruhusiwa safari inayoanzia na kuishia bandari ileile akiwa na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Ruhusa hiyo isikuponze kama mko mchanganyiko wa raia na wasio raia. Mwenye green card aibebe pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi lazima awe na viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu kwenda Bahamas na kurudi ni kuingia Marekani upya. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi, na ndugu zetu Wakongo na Warundi wengi wanayo, aulize kila kisiwa kilicho kwenye ratiba kwa maandishi kabla ya kulipa, maana sehemu nyingine zinamtaka awe na viza hata kama hatashuka melini.

Ndege ya kurudi

Meli hufunga gati alfajiri, lakini watu hushuka kwa zamu hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Anayebeba mabegi yake mwenyewe hutangulia. Kutoka Port Everglades usikate ndege ya kabla ya saa tano na nusu asubuhi. Miami na Tampa, saa sita mchana. Port Canaveral, saa saba. Mkiwa na mzee au watoto wadogo, ongezeni saa moja kwa kila muda huo, na kwa safari ya kurudi nyumbani Afrika chukueni ndege ya jioni.