Kadi ya benki au kadi ya kujaza kabla?

Pesa ya korosho ikishaingia benki, ukinunua mtandaoni kwa kadi ya akaunti hiyohiyo, msimu mzima uko hatarini. Namba 16 za mbele na tatu za nyuma zikiibwa, mwizi anachota humohumo ilimo ada ya watoto.

Kadi ya kujaza kabla hubeba ulichoweka tu. Umeweka 30,000 ya viatu? Ikivuja, hasara inaishia hapo, na muuzaji haioni akaunti yako. Mtandaoni naichagua hii bila kusita. Ila usiri wake una mpaka: ya kwenye simu imefungamana na laini uliyosajili kwa alama za vidole, hivyo aliyeitoa anakujua na anaona kila muamala.

Kutolea pesa kwenye mashine Masasi mjini, ya benki inatosha.