OptiVISOR kwa mpaka rangi aliyevuka hamsini: chukua lenzi dhaifu

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili: OptiVISOR, kioo cha kukuza kinachovaliwa kichwani, ni kifaa kizuri kwa kupaka rangi vijisanamu, nunua. Ila usikimbilie lenzi yenye nguvu kubwa. Hapo ndipo nina maneno.

Nacheza vita vya mezani, mchezo wa kupambanisha majeshi ya vijisanamu, tangu ujana. Jeshi langu kubwa ni la Wafaransa wa enzi za Napoleon, vijisanamu vya milimita 28, na kuwapaka rangi kumenishika kuliko hata mchezo wenyewe. Askari wa milimita 28 ni mfupi kama pingili ya kidole gumba. Jicho lake halifiki milimita moja, na vifungo vya koti lake ni nukta tupu. Ukiwa na miaka ishirini hilo halikusumbui: unamsogeza karibu na pua, unapaka, unaendelea na mwingine. Ukishapita arobaini na kitu, lenzi iliyomo ndani ya jicho inakuwa imekakamaa na haijirekebishi tena kama zamani. Ukimsogeza karibu anapotelea kwenye ukungu. Ukimrudisha mbali anaonekana wazi, lakini amekuwa mdogo mno kwa kazi. Nawajua watu wa rika langu walioweka brashi chini hapo hapo na kusema wamechoka na mambo haya, ilhali kilichochoka ni macho, na hamu ipo vilevile. Inaniuma, maana dawa ipo na haina mambo mengi.

Wengi huanza na miwani ya kusomea, na ni sawa kuanzia hapo. Shida yake ni kwamba imepimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi. Mpaka rangi humshika askari wake sentimita 25 au 30 kutoka usoni. Kwa hiyo unavaa miwani iliyopimwa vizuri kabisa na daktari anayejua kazi yake, halafu bado huoni mkanda wa begi. Siku ukienda kupimwa, chukua kijisanamu kimoja mfukoni, kishike kama unavyokishika mezani, umwambie daktari, "Nataka kuona hapa." Ni ushauri wa bure na umewasaidia watu wengi niliowapa.

Sasa tuje kwenye kifaa. OptiVISOR hutengenezwa na Donegan Optical ya Marekani, na kabla yetu sisi wapaka rangi kilikuwa tayari kichwani mwa masonara na mafundi saa. Ni ukanda unaozunguka kichwa, na mbele yake kuna kibanda kinachoshika sahani ya lenzi mbili za kioo. Ukitaka kutazama kazi unakishusha, ukitaka kutafuta chupa ya rangi unakipandisha. Kinakaa juu ya miwani yako ya kawaida bila kugombana nayo, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu si dogo. Lenzi ni za kioo, si plastiki. Niliwahi kutumia kifaa cha aina hii chenye lenzi za plastiki, nisichotaka kukitaja jina, na baada ya kufutwa mara chache kwa kitambaa chenye vumbi la kusugulia kilijaa mikwaruzo iliyotawanya mwanga wa taa usoni kwangu. Kioo hukivumilia kitambaa zaidi. Kwa upande mwingine, kioo ni kizito kuliko plastiki, na shingo italitambua hilo.

Lenzi zinauzwa kwa namba, na mnunuzi anatakiwa azielewe kabla hajatoa pesa. DA-3 hukuza mara 1.75 na unafanya kazi sentimita 35 hivi kutoka machoni. DA-4 hukuza mara 2, sentimita 25. DA-5 mara 2.5, sentimita 20. DA-7 mara 2.75, sentimita 15. DA-10 mara 3.5, na hapo askari yuko sentimita 10 tu mbele ya uso wako. Soma tena zile sentimita. Kila unapoongeza ukuzaji unapoteza nafasi, na nafasi ndiyo anayoishi nayo mpaka rangi. Kwenye sentimita 10 mpini wa brashi unagonga kioo, mkono wako wenyewe unazuia mwanga, na mgongo umepinda. Kisha kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi: lenzi kali huona tabaka jembamba. Pua ya askari iko wazi, lakini bunduki iliyo begani mwake imeshaingia ukunguni, na unalazimika kumsogeza mbele na nyuma kila baada ya mguso mmoja wa brashi.

Ndiyo maana nasema chukua dhaifu. DA-3 ndiyo inayokaa kichwani mwangu jioni nzima, kwa makoti, suruali, mabegi, farasi, karibu kila kitu. DA-5 naiweka kwa nyuso na alama ndogo, halafu naivua. Sahani za lenzi zinabadilishwa kwenye kibanda kilekile, kwa hiyo hulazimiki kuwa na vifaa viwili. DA-7 na DA-10 ziacheni kwa mafundi saa.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu ndio ulioniaminisha. Kuanzia amri ya mwaka 1808, kikosi (batalioni) cha askari wa miguu wa Ufaransa kilikuwa na kampuni sita, yaani makundi sita ya askari: moja ya magrenedia (askari teule), moja ya mavoltija (askari wepesi), na nne za mafuzilia (askari wa kawaida). Hizo nne za mafuzilia zilitofautishwa na kishungi cha sufu kilicho mbele ya kofia: kijani kilichokoza kwa ya kwanza, samawati kwa ya pili, rangi ya chungwa kwa ya tatu, zambarau kwa ya nne. Kwenye kijisanamu, kishungi hicho ni tone la rangi. Kwa macho matupu, kampuni yangu ya kwanza na ya nne zilikuwa zimegeuka kitu kimoja cheusi cheusi. Nilipoweka DA-5, niliona ukingo wa kishungi unapokutana na kofia, nikaona mstari mwembamba wa kivuli uliobaki chini yake, na ncha ya brashi ikifika hapo, ikigusa, ikiondoka. Nilimpaka askari mmoja, kisha safu nzima. Furaha ile naifahamu tangu nikiwa mtoto, na nilidhani haitarudi.

Ila lenzi peke yake haikutosha kutenganisha kijani na zambarau, na hapa lazima niseme kuhusu taa. Tunapozeeka, mboni hupungua na lenzi ya jicho huwa ya manjano. Mtu wa miaka sitini hupata kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka ishirini, na ule umanjano hula rangi za upande wa buluu kwanza. Koti la buluu iliyokoza na soksi ndefu nyeusi zinafanana. Zambarau inazama. Kwa hiyo ukinunua kioo cha kichwani ukakitumia chini ya balbu ya njano ya sebuleni, umefanya nusu ya kazi. Tafuta taa ya mezani yenye mwanga mweupe wa kelvini 5000 hadi 6500 na kiwango cha uonyeshaji rangi, kile kinachoandikwa CRI, cha 90 au zaidi. Iweke upande wa pili wa mkono unaoshika brashi. Mimi pia nimeandika majina ya rangi kwa herufi kubwa juu ya vifuniko vya chupa, maana yale maandishi ya dukani hayakuandikwa kwa ajili yetu.

Nimeulizwa kuhusu mikono inayotetemeka. Rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye majeshi yetu yamepigana tangu hatujaoa, ana mtetemo. Aliogopa kwamba kioo kitamwonyesha mtetemo wake ukiwa mkubwa mara mbili, na kweli kinauonyesha. Lakini baada ya jioni moja aliona kilekile nilichokiona mimi: jicho likiona sawasawa, mkono unajirekebisha wenyewe. Msaada mwingine ni kuegemeza viwiko vyote viwili mezani na kugusanisha viganja kwa chini, ili mkono wa brashi na mkono wa askari vitikisike pamoja. Amemaliza kikosi cha wapanda farasi alichokuwa amekiacha kwenye boksi. Kwenye mchezo bado mimi ndiye ninayemsogezea safu zake, maana akinyoosha mkono hadi katikati ya meza ya futi sita kwa nne anaangusha bendera, na hatuoni tabu yoyote katika hilo. Yeye anaamuru, mimi nasogeza, kisha anarusha dadu.

Kuna wanaowaambia wazee waachane na lenzi na wahamie kwenye rangi nyepesi zinazopakwa mara moja tu, kama zile za Contrast za chapa ya Citadel zilizotoka mwaka 2019, zinazotiririka zenyewe kwenye mikunjo na kuacha kivuli. Nazitumia, na kwa farasi na mabegi ya ngozi nazipenda sana. Lakini uso wa mtu haupakwi kwa kutiririsha, na mimi uso ndio ninaoketi kwa ajili yake. Vilevile usinunue brashi ndogo kupita kiasi ukidhani ndiyo dawa ya macho. Brashi namba 1 nzuri ya manyoya ya kolinsky, kama Series 7 ya Winsor & Newton, ina ncha kali kama ya namba ndogo na tumbo la kubeba rangi, kwa hiyo haikauki kabla hujafika.

Kuhusu shingo: usiinamie kazi, ipandishe kazi. Weka boksi imara mezani, egemeza mikono juu yake, askari awe karibu na usawa wa kidevu. Legeza ukanda, maana watu hukaza mno mwanzoni wakapata maumivu ya kichwa na kulaumu lenzi. Kila unapomaliza rangi moja, pandisha kibanda, tazama kitu cha mbali, kunywa maji.

Mwisho, kama unaona ukungu hata kwenye vitu vya mbali, au taa zinakuwa na duara la mwanga kuzunguka, usiagize chochote kwanza. Nenda ukapimwe mtoto wa jicho, kwa sababu hilo hakuna kioo cha kukuza kinacholiondoa, na upasuaji wake ni wa kawaida siku hizi. Ukitoka huko ndipo uagize DA-3, na sahani ya DA-5 kama nyuso ndizo zako.