Pampu ya mawimbi kwenye tangi la payara: nimeitumia miezi 9, haya ndo niliyoyaona

Haya jamani, hii pampu ya kusukuma maji ndani ya tangi yawe na mkondo sijahadithiwa, inazunguka sebuleni kwangu Makorora usiku na mchana miezi 9 sasa. Ndani ya tangi kuna payara, yule samaki wa Amazon na Orinoco wanayemwita samaki vampaya, ana meno mawili ya chini marefu mpaka taya la juu lina matundu ya kuyapokea akifunga mdomo. Kila mgeni anauliza kama ndo silikanti, yule samaki wa kale wa baharini, na sisi watu wa Tanga bwana, samaki yeyote mwenye sura ya kutisha kwetu ni silikanti.

Samaki niliagiza Dar kwa muuzaji mmoja, akaja na basi kwenye boksi la thamokoli, mfuko umejazwa oksijeni, kafika mzima, hapo sina neno. Nnacholalamikia ni ushauri wake. Kaniambia "bosi, tangi la lita 200 linamtosha, mtupie goldifishi hai wawili kwa siku basi". Nikamsikiliza mwezi mzima, samaki kajibanza kona moja, tumbo limeingia ndani, ukiwasha taa tu anaruka anajigonga kwenye mfuniko mpaka mdomo ukachubuka wote. Nikasema huyu naye waja leo waondoka leo.

Kumbe payara ni samaki wa mito yenye mkondo mkali, na wapo aina nne, sasa yule anayeitwa Hydrolycus armatus anafika zaidi ya mita moja, afu wewe umemuweka kwenye kindoo. Mwenzake scomberoides ndo huyo watu wengi anawafia kabla hajakua, kwahiyo ukinunua kadogo uliza kwanza ni yupi, mi nilibahatisha tu nikapata armatus. Na goldifishi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, ukimlisha hao tu kila siku unamuua polepole huku unajiona unamlea, bado magonjwa wanayotoka nayo dukani.

Nikajenga tangi la tofali na zege, kioo upande wa mbele tu, sentimita 240 kwa 90, maji yanapanda 70, yani kama lita 1,500. Mama watoto hakunisemesha siku mbili. Saruji inapandisha pH, yani kipimo cha uchachu wa maji, na huyu anataka maji laini yasiyo na chokaa nyingi, nikalijaza na kulimwaga wiki kadhaa afu fundi akapaka epoksi, rangi ngumu ya kuziba saruji isiguse maji. Ndo hapo ikaja hii pampu, laki na themanini, ya Kichina, boksi limeandikwa lita 15,000 kwa saa. Namba za maboksi siziamini sana ila nguvu ipo, siku ya kwanza niliiwasha mwisho wa kontrola mchanga wote ukahamia upande mmoja.

Siku ya tatu samaki katoka kona mwenyewe. Akawa anasimama katikati ya mkondo, kichwa kimeinama kidogo, mkia tu ndo unacheza, anaogelea hapohapo haendi popote, ungemuona ungedhani kaning'inizwa na uzi. Na pampu ndo imenisaidia kumwachisha samaki hai, maana huyu kitu kisichotembea hakioni, nakata vipande virefu vya perege nadondosha mbele ya pampu, kipande kinakimbia na maji kama samaki mzima, anakidaka. Wiki ya kwanza alivipuuza, wiki ya pili akadaka kimoja akakitema, ya tatu akameza. Nimechora mistari kwa maka peni pembeni ya kioo, alikuja na sentimita 11 sa hivi kapita mstari wa 32.

Kitu kingine kilichonifurahisha inatumia volti 24 za DC, kwahiyo fundi umeme kaniunganishia betri mbili za gari, umeme ukikatika inaendelea kuzunguka. Kuna usiku ulikatika masaa sita mazima, pampu haikushtuka. Hita mi sina na sikushauri, Tanga hii ya Februari maji yalifika nyuzi 30 wakati yeye anataka 24 mpaka 28, na maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo. Nikaielekeza pampu juu ili uso wa maji utibuke, nikawa naelesha chupa za barafu mchana, tukavuka.

Ubaya sasa. Sumaku ya kushikia ni uongo mtupu, kioo changu cha milimita 15 imeshindwa kabisa, usiku imechomoka ikaanguka chini ikawa inapuliza mchanga, asubuhi maji ni uji. Nimeishia kuifunga kwenye bomba la plastiki. Waya mfupi. Mwezi wa sita ikaanza kunguruma, nikaifungua nikakuta chokaa imeganda kwenye shafti, nikailaza kwenye siki nusu saa ikanyamaza, ila kwenye karatasi ya maelekezo hilo hawajaandika popote.

Naipa nyota 4, ile moja imeondoka na sumaku. Mwisho wa mwezi nachukua ya pili ya kuweka upande wa pili, mama watoto bado sijamwambia.