TAHADHARI: Huyu "fundi wa vitanda vya magari" wa Ndeeba ni mwizi

Jamani, hii ni ya wote: wa Bombo, wa Kawempe, wa Entebbe, na nyinyi mnaopeleka wageni mbugani. Kuna mtu Ndeeba, hapa Kampala, anajiita fundi wa kugeuza magari kuwa vyumba vya kulala. Ni mwizi. Msimpe gari, msimpe pesa, msimpe hata namba ya simu. Jina lake siliandiki kwa sababu afande aliyechukua maelezo yangu kanikataza mpaka faili lisogee. Baba watoto naye kanikataza, ingawa huyu najua anaogopa tu watu wa msikitini wajue tulivyoliwa. Basi wajue. Jambo hili siwezi kukaa nalo tumboni.

Gari letu mnalijua, ile Mazda Bongo ya paa la kunyanyuka. Tangu mavyaa ahamie kwetu, na baada ya yale ya mwaka jana ambayo sina haja ya kuyarudia, mahali pa kulala hapakutosha. Juu kwenye paa wanalala wawili, basi. Chini, viti vinalazwa vinakuwa kitanda, lakini kitanda chenye mabonde: mshono huku, kifungo cha mkanda kinakuchoma pale, na mtu mzima mwenye mgongo wake hawezi. Nilitaka kitanda kimoja kilichonyooka, kutoka mlango wa nyuma mpaka mgongoni kwa kiti cha dereva, walale mavyaa na wasichana wawili. Chini yake droo za vyombo. Sehemu ya mbele ikunjwe mchana iwe benchi lenye mikanda, watoto wakae safarini. Hilo tu. Sikuomba jakuzi.

Na mnaonitumia ujumbe "si ungenunua gari kubwa": kwa pesa ya nani? Halafu Bongo hizi za paa la kunyanyuka Mazda alizitengeneza kuanzia 1995 mpaka 2005 akaacha, na tangu sheria ya 2018 gari lililopita miaka 15 haliingizwi Uganda. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Unaitunza yako, unaibandika huku na huku, na kiti chake kikipotea hujui utakipata wapi. Shikeni hapo kwenye viti, nitarudi.

Sasa sikilizeni kwa nini nilimwamini, maana nimechoka kuambiwa "lakini dada na wewe". Kwanza, alinisemesha Kiswahili. Mnajua Kampala ilivyo, ukiongea Kiswahili dukani wanakutazama mikononi kuona umeshika nini, lugha ya wanajeshi na majambazi, hawachoki kusema. Huyu akanipokea, "Karibu dada, shikamoo ya mama mkwe nimwachie nani?" Akasema kwao Busia, akanitajia mitaa, akanitajia hata duka la yule Mwarabu karibu na mpaka. Mtu wa nyumbani, nikasema. Na kwa kweli amewapa haki wale wanaosema Kiswahili ni cha majambazi, hilo nalo silisamehe.

Pili, karakana niliiona kwa macho. Ndani palikuwa na Hiace ya mtu, imevuliwa kila kitu, inawekwa mbao za pembeni, vumbi limejaa, vijana wanapiga randa. Akanifungulia mlango, akasema ingia ulale, upime mwenyewe. Nikalala. Kitanda kizuri, hakilii. Akachukua tepu akaingia kwenye Bongo, akapima, akapima tena, akaandika kwa penseli kwenye bati la mlango. Akaniuliza mavyaa ana urefu gani na ana uzito gani. Mwizi gani anauliza uzito wa mama mkwe?

Tatu, beseni. Hili beseni ndilo linalonikosesha usingizi.

Ni yeye mwenyewe, sikumuuliza, aliyesema: "Dada, popote utakapokwenda, chipubodi usikubali. Ni vumbi la mbao na gundi. Ikinywa maji inavimba, skrubu zinang'oka. Kwenye gari weka plaiwudi ya marini." Akamtuma kijana alete beseni, la buluu, lina ufa ukingoni umeshonwa kwa waya. Akatia maji. Akachukua vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, kimoja chipubodi, kimoja plaiwudi ya marini, akavizamisha akavigandamiza kwa jiwe. Tukakaa. Akaniagizia soda, akakataa nisilipe. Akanisimulia mama yake mgonjwa, akanionyesha picha kwenye simu, bibi kafunga kilemba. Mimi nikamwombea dua yule bibi, kwa sauti, pale Ndeeba, mbele ya vijana wake. Wallahi nikikumbuka uso unawaka moto.

Baadaye akatoa vile vipande. Chipubodi imetutumka pembeni, akaisukuma kwa ukucha, ukucha ukazama. Marini iko vile vile. Akaifuta kwa shati lake, akanionyesha tabaka pembeni, moja juu ya jingine, na mistari ya gundi nyeusi katikati. Akasema, "Nenda nayo nyumbani, mwonyeshe mume." Ninayo mpaka leo, naikatia vitunguu. Ndiyo marini pekee niliyopata kwa milioni tatu na laki nne.

Pesa zilikwenda hivi. Milioni 2 siku ile ya kwanza, laki 9 alipopiga kusema bei ya mbao na sponji imepanda na duka linafunga, laki 5 siku ya kupokea. Ile ya kwanza niliituma kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karakanani kwake. Mnajua kabla hujaweka namba ya siri jina la mpokeaji linatokea. Likatokea jina la mwanamke. Nikamgeuzia simu, nikamwambia mbona hili si lako. Hakushtuka hata kidogo. Akacheka, "Ni mama watoto, pesa zangu anazishika yeye, si unajua wanaume sisi." Nikacheka na mimi. Ningefanyaje? Mwanaume anayempa mkewe pesa ashike, nilimwona wa maana kuliko baadhi ya watu humu ndani kwangu.

Viti vya katikati akavitoa vyote pamoja na reli zake, akasema anaviweka stoo visichafuke kwa gundi, nitavichukua siku ya mwisho. Nimeeleza? Viti vya Bongo. Na reli.

Siku ya mwisho ikawa jioni ya mkesha wa safari. Aliniambia saa nne asubuhi, ikawa saa nane, ikawa magharibi, umeme umekatika, natazama kwa tochi ya simu. Kila kitu kimefunikwa zulia la kijivu, limebandikwa mpaka kwenye kona, harufu ya gundi inatoa machozi. Akakaa ukingoni mwa kitanda akakipigapiga, kikanguruma chuma. Akasema viti viko stoo na mwenye ufunguo amekwenda msibani, rudi Jumatatu. Boda iliyomleta baba watoto inapiga honi, watoto wanalia njaa, nikamtumia laki 5. Kwa jina lile lile la "mama watoto".

Tukaenda Lake Mburo, mavyaa anaona pundamilia mara ya kwanza maishani mwake. Njiani Lukaya tukanunua ndizi gonja na kuku, raha mtindo mmoja. Mvua ikatunyeshea jioni tukiwa kambini pale ziwani, na kama mnavyojua viboko hutoka usiku kula majani, askari wa mbuga wanakuambia ukishaingia ndani usitoke. Usiku wa manane nikasikia kwaa. Kitanda kimekatika katikati. Mavyaa ameingia kwenye droo ya masufuria, miguu juu, kilemba kimevuka, na wasichana wawili wamemdondokea. Kumtoa ilibidi mlango ufunguliwe, na nje kiboko anatafuna nyasi karibu na tairi, unamsikia anavyozing'oa. Basi mama yule akakaa mle mle mpaka tukapata kumvuta kwa juu, akamalizia usiku kwenye boksi la barafu, anavuta tasbihi, hasemi na mtu. Hajasema na mimi mpaka sasa isipokuwa salamu.

Kulipokucha nikang'oa zulia kwa kisu. Chipubodi! Chipubodi tupu, na si kipande kizima, ni vipande viwili vimeungwa katikati kwa kijiti cha dari, pale pale mgongo wa mtu unapolala. Upande wa dirisha maji yalikuwa yamepenya, umevimba, unaubana kwa vidole unamomonyoka. Chuma kipo ukingoni tu, pale alipokaa akapigapiga. Nikachana na kitambaa cha sponji, ile aliyoisifia kuwa "hai densiti", yaani nzito. Ndani ni chakavu za rangi zote zimegandishwa, za waridi, za kijani, na kipande kimoja kina soli ya kandambili. Kandambili! Mavyaa wangu kalalia kandambili ya mtu.

Lakini hayo yote ningeyameza. Nilipofika kwenye mikanda ya benchi ndipo nilipokaa chini. Mikanda aliifunga kwenye hiyo hiyo chipubodi, kwa skrubu za bawaba, fupi, nne. Hakuna bolti iliyoshuka mpaka kwenye bati la sakafu, hakuna kipande cha chuma chini cha kushika nati. Na matundu ya asili ya mikanda, yale aliyoyatoboa Mjapani kwenye chuma, yapo pale pale chini ya zulia, ameyaziba. Watoto wangu walikaa hapo barabara ya Masaka, malori yanapishana, na mimi kila nikigeuka nawaambia fungeni mikanda. Breki moja kali na benchi, mkanda na mtoto vyote vingekwenda kwenye kioo. Kurudi tuliwapandisha basi na baba yao, mimi nikaendesha peke yangu.

Simu yake imezimwa. Ndeeba nilikwenda. Mwenye karakana ni mzee wa kunyoosha bodi, mwenyewe ananitazama kwa huruma, anasema yule kijana alikuwa akikodi nafasi ya gari moja kwa siku, na ile Hiace niliyolalia ni ya mteja wa mzee, haimhusu. Vijana wa randa ni wa mzee. Beseni ni la mzee. Stoo hakuna. Mwenyekiti wa LC, wa serikali ya mtaa, akacheka kwanza ndipo akaniandikia barua, akasema si mimi wa kwanza, kuna mama wa Mukono alikuja akilia kwa gari la kubeba wanafunzi. Sasa kama alijua, kwa nini asimfukuze? Naye kuna siku yake.

Huyu mtu nataka aende jela ya Luzira. Sisemi achomwe tairi, mimi Mwislamu na sitaki damu ya mtu shingoni, lakini nataka afungwe, na akiwa humo alalie kitanda alichotengeneza yeye mwenyewe, chipubodi na kandambili, mvua ikinyesha. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, si ugomvi wa fundi na mteja kama anavyotaka kunieleza yule afande mwingine. Na huyo "mama watoto" naye aitwe, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, haiwezekani asijulikane. Mwenye ndugu katika polisi anisaidie kusukuma. Mama wa Mukono kama upo au kuna anayekujua, nitafute, twende wawili.

Mnaoniuliza mtamjuaje tapeli, dalili nilizopuuza ni hizi. Jina la simu si lake. Mbao alinunua yeye, risiti ya kuandika kwa mkono. Nendeni wenyewe dukani mlipe, mchukue risiti ya EFRIS, ile ya mashine ya kodi, mbao ziletwe mbele yenu, mtazame pembeni kabla hazijafunikwa zulia: zikiwa na tabaka ni plaiwudi, zikiwa punje punje mnajua. Godoro ling'oeni zipu. Mikanda iangalieni chini ya gari, bolti itokeze upande wa pili. Msipokee kazi usiku. Mengine nimesahau, nina hasira.

Viti vyangu: viwili, vya katikati, kitambaa cha kijivu chenye vidoti vya buluu, kimoja kina alama ya kuungua pasi kwenye mkono wa kulia, mnaijua nani aliiweka. Reli zake zina namba niliyoikwangua kwa msumari kwa chini. Ukiviona Kisekka, Ndeeba, Katwe, popote vinauzwa, usibishane bei, piga picha ya muuzaji unipigie hata saa tisa usiku, nitakuja na boda.