Milioni tatu na nusu kwa kupimiwa hewa ukaa ya jengo letu, Mtwara

Nawapa waliotupimia alama tatu kati ya tano, na moja katika hizo ni ya kijana wao aliyepanda paani saa saba mchana, mwezi wa Novemba, bila kulalamika.

Jengo letu liko Ligula. Chini maduka, juu ofisi, nyuma kuna stoo ambayo msimu wa korosho hukodiwa na wanunuzi. Mbia wetu aliyeko Dar anatafuta mkopo wa ukarabati, benki ikamwambia alete lengo la kupunguza hewa ukaa, lenye mwaka na namba. Ndipo tukaichukua kampuni moja ya ushauri ya hukohuko Dar. Shilingi milioni tatu na nusu, nauli na malazi juu yetu.

Kupima walipima vizuri. "Shikamoo mama, naomba risiti za mafuta ya jenereta." Nikampa faili zima. Umeme ndio ulionitoa jasho, maana kila mpangaji ana LUKU yake na mimi sijui anatumia yuniti ngapi. Nikapita mlango kwa mlango kuomba meseji za tokeni. Mama wa vitenge alidhani nataka kumpandishia kodi, akanionesha tatu tu. Kijana akanielewesha: moshi wa jenereta ni wangu moja kwa moja, umeme ninaoulipia mimi ni kundi la pili, wa wapangaji ni la tatu. Kwetu hilo la tatu ni kubwa kuliko la pili, na nusura tuliache.

Kilichoniacha mdomo wazi ni AC. Tunazo kumi na nne, nyingi za zamani, zinazopoza kwa gesi iitwayo R22. Kila mwaka fundi anakuja "kuongeza gesi", tunalipa, hatujiulizi ya mwaka jana imekwenda wapi. Kumbe kilo moja ya R22 ikivuja, kwa kuipasha dunia joto ni sawa na kilo 1,810 hivi za hewa ukaa, na lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7. Pigeni hesabu: kilo moja ya gesi hiyo ni kama kuchoma lita 670 za dizeli. Na mimi miaka yote nagombana na mlinzi kwa kuchelewa kuzima jenereta!

Alama mbili nimezikata kwenye lengo lenyewe. Ripoti ilisema asilimia 30 ifikapo 2030, tukilinganisha na mwaka uliopita. Namba hiyo naijua. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ila ahadi ya nchi inapimwa dhidi ya hali ambayo ingekuwapo kama hatua zisingechukuliwa. Walibeba asilimia, kipimo wakakiacha. Halafu huo mwaka waliouchagua! Ofisi tatu zilikuwa tupu na stoo haikupata mtu msimu mzima. Wapangaji wakirudi, hata nikibadilisha AC zote nitaonekana nimechafua zaidi.

Umeme nao waliukadiria kwa wastani wa nchi nzima, wenye maji mengi ya mabwawa ndani yake. Huku kwetu umeme umekuwa wa gesi asilia ya Mnazi Bay miaka na miaka, mitambo iko hapahapa mjini. Yuniti yetu si yuniti ya bwawa la Rufiji.

Nilipopiga simu niliambiwa "mfumo ndivyo unavyotoa, mama". Nikawajibu basi mfumo uje Ligula uone. Wiki tano baadaye wakarekebisha: msingi wa kulinganishia ni wastani wa miaka mitatu, umeme umehesabiwa wa gesi, na lengo lina namba mbili, tani zote kwa mwaka na kilo kwa kila mita ya mraba iliyopangishwa. Niliziomba zote mbili, kwa sababu ukibaki na hiyo ya mita peke yake unaweza kujenga ghorofa nyingine, ukaonekana msafi huku moshi umeongezeka.

Ukiwachukua, usisaini kabla hawajakuonesha mwaka wa msingi na kiwango cha hewa ukaa walichokipigia kila yuniti ya umeme.

Sisi tumeanza na AC mbili zinazovuja kuliko zote. Nilimwambia fundi asiiachie gesi ya zamani hewani, aivute kwenye mtungi. Alinitazama kama niliyemwagiza afunge upepo kwenye kibiriti. Mwenye kujua fundi wa Mtwara au Lindi aliye na mashine ya kuivuta, aniambie.