Golemu wa Udongo Ndiye Tenki: Tathmini ya Diablo II: Resurrected

Kwa miezi miwili sasa, kila nirudipo nyumbani Nkuhungu jioni, nimekuwa nikicheza Diablo II: Resurrected, toleo la mwaka 2021 la mchezo wa video uliotoka mara ya kwanza mwaka 2000. Muda wote huo nimemtumia mhusika mmoja tu, Necromancer, mchawi ambaye mwili wake ni dhaifu na ambaye kazi ya kupigana huwaachia viumbe anaowaita. Tathmini hii inamhusu mchezaji anayejiuliza kama viumbe hao wanafaa kuwa tenki, yaani wa kusimama mbele na kubeba mapigo ili bwana wao abaki salama nyuma.

Wanafaa, ingawa si wote. Wengi hukimbilia askari wa mifupa, na kweli jeshi hilo linapendeza machoni: ukiwekeza pointi 20 za ujuzi unapata askari 8. Hata hivyo, kila mmoja huinuliwa kutoka katika maiti ya adui, kwa hiyo pasipo na maiti hakuna jeshi, na ukitoka mchezoni wote hupotea. Umeme ukikatika usiku, kesho yake unaanza kukusanya upya, mmoja mmoja.

Golemu wa udongo, yaani jitu moja la udongo ambalo Necromancer huliita, hana masharti hayo. Hupatikana mhusika afikapo ngazi ya 6, hahitaji maiti, na kila adui anayepigwa naye hupungua kasi. Thamani yake niliiona mbele ya Duriel, adui mkuu wa sehemu ya pili ya mchezo, katika chumba kidogo kisicho na pa kukimbilia wala maiti ya kuinua. Askari wangu walisagwa kwa sekunde chache, nikabaki na golemu peke yake. Nilimrushia Duriel laana ya Decrepify, ambayo hupunguza kasi na nguvu, golemu akamgonga, na lile jitu likaanza kujikokota kama mtu anayevuka majaruba ya mpunga ya Bahi wakati wa kifuku. Golemu alipobomoka niliita mwingine papo hapo, kisha mwingine tena, huku nikimchoma adui kwa mikuki ya mfupa hadi akaanguka.

Ninachokilalamikia kwa dhati ni kwamba viumbe hawa hawapokei amri. Nimechunga ng'ombe utotoni, na najua kwamba mluzi mmoja unatosha kulizuia kundi lisiingie shambani. Hapa huna namna ya kumwambia golemu asimame mlangoni abaki hapo. Upungufu huo unaumiza zaidi katika mapango ya Maggot Lair, ambako njia ni nyembamba kiasi kwamba askari wa mbele hupigana peke yake na wenzake wamepanga foleni nyuma bila kazi.

Golemu wa chuma hurithi sifa za kifaa alichoundwa nacho, lakini akifa, kifaa nacho kimekwenda. Simshauri mtu amtumie kama ngao mpaka awe na kifaa asichokionea uchungu.

Kwa mgeni wa mchezo huu, ushauri wangu ni kuweka pointi moja kwa golemu wa udongo mara tu afikapo ngazi ya 6, kabla hajaongeza askari wa mifupa, na kuhakikisha daima amebakiza mana, yaani nguvu ya uchawi, ya kumwita tena.